Mfalme Akbar na Binti wa Amber

Yeyote akaaye Chita huiona milima ya Udzungwa imesimama nyuma ya kijiji kama ukuta. Huko juu ni Uhehe. Huku chini ni bonde la Kilombero, nchi ya mto, ya mpunga na ya samaki. Wazee wa pande zote mbili husimulia habari za watawala waliopigana zamani, katika karne ya 19. Lakini watawala hao hawakutumia mikuki peke yake. Walitumia pia ndoa.

Munyigumba, aliyeziunganisha nchi ndogo ndogo za Uhehe zikawa nchi moja, alimwoza mtu mmoja binti yake. Jina la mtu huyo lilikuwa Mwamubambe. Hapana shaka baba mkwe alitumaini kwamba mkwe atakuwa nguzo ya nyumba. Walakini Munyigumba alipokufa, karibu na mwaka 1879, mkwe yule aliutaka utawala, na kijana Mkwawa, mwana wa Munyigumba, akapelekwa mbali hata Ugogo apate kusalimika. Baadaye Mkwawa alirudi, vita vikapiganwa, na Mwamubambe akauawa. Ndoa ile haikuzuia vita.

Basi leo tutajifunza habari za ndoa nyingine ya watawala. Hiyo ilifungwa mbali sana na bonde letu, katika Bara Hindi, mwaka 1562. Mume alikuwa Akbar, mfalme mkuu mwenye kushinda nchi nyingi. Mke alikuwa binti wa raja, yaani mfalme mdogo, wa mji wa Amber. Twaichagua habari hii kwa kuwa imetengenezwa picha ya sinema, na watu wengi wa Afrika Mashariki wameiona. Mtu akiona kitu kwa macho yake huelekea kukiamini. Kwa hiyo yatupasa tujifunze kuuliza: Je, mambo yalikuwa hivyo kweli?

1. PICHA YENYEWE

Picha za Kihindi zimependwa katika nchi zetu tangu zamani. Kabla ya uhuru zilikuwa zikionyeshwa katika majumba ya sinema ya Unguja, Dar es Salaam na Tanga, na watu wasiojua neno la Kihindi walicheka na kulia pamoja na waliojua. Siku hizi huonekana majumbani katika televisheni, na katika vibanda vya video, ambako mara nyingine sauti ya msimulizi hufasiri maneno kwa Kiswahili huku picha ikiendelea.

Picha tunayoisema huitwa Jodhaa Akbar. Ilitolewa mwezi wa Februari mwaka 2008. Aliyeiongoza ni Ashutosh Gowariker. Hrithik Roshan aliigiza kuwa Akbar, na Aishwarya Rai aliigiza kuwa mkewe. Muziki ni wa A. R. Rahman. Ni picha ndefu, yapita saa tatu.

Kisa chake kwa ufupi ni hiki. Akbar anapata ufalme angali mtoto, na mlezi wake anamfundisha vita. Akiisha kukua anaamua kutawala kwa akili yake mwenyewe. Raja Bharmal wa Amber, akiona nchi yake imezungukwa na adui, anakubali kumwoza Akbar binti yake, Jodhaa. Binti huyo ni Mhindu, na mfalme ni Mwislamu. Kabla ya kukubali, Jodhaa anatoa masharti mawili: asilazimishwe kuiacha dini yake, na apewe mahali pa kusalia ndani ya jumba la mfalme. Wazee wa baraza wanashangaa, lakini Akbar anakubali mbele ya watu wote.

Basi wawili hao wanakaa katika jumba moja kama wageni. Mfalme ameshinda majeshi, lakini moyo wa mkewe haujui. Siku moja Jodhaa anapika mwenyewe chakula cha baraza. Maham Anga, mama aliyemlea Akbar, anamwamuru akionje kwanza, kana kwamba huenda ametia sumu. Jodhaa anaonja bila kusema neno. Ndipo Akbar anaomba aandaliwe katika sahani ile ile aliyoonja mkewe. Watu wote wanaelewa maana yake.

Baadaye fitina inawatenganisha, kisha wanapatana tena. Akbar anavaa nguo za mtu wa kawaida na kwenda sokoni kusikiliza maneno ya raia. Huko anasikia manung'uniko juu ya kodi wanayotozwa Wahindu waendao kuhiji. Anaifuta kodi hiyo, na raia wanamshangilia na kumwita Akbar, maana yake Mkuu. Mwisho adui anashindwa, na mume na mke wanakaa kwa mapenzi.

2. HABARI ZA KALE ZASEMA NINI?

Sasa na tuiweke picha kando, tutazame mambo yaliyoandikwa na watu wa zamani zile.

Akbar alizaliwa mwaka 1542 katika mji wa Umarkot, baba yake Humayun akiwa mkimbizi aliyenyang'anywa enzi. Humayun aliurudisha mji wa Delhi mwaka 1555, lakini mwaka uliofuata alianguka katika ngazi ya nyumba yake ya vitabu, akafa. Hivyo Akbar alitawazwa mwaka 1556, akiwa na umri wa miaka 13 tu. Mwaka huo huo majeshi yake yalipigana huko Panipat na jeshi la Hemu, lililokuwa na ndovu wengi. Mshale ulimpiga Hemu jichoni, jeshi lake likavunjika. Ninyi mkaao karibu na ndovu wa Kilombero mwajua nguvu za mnyama huyo. Katika Bara Hindi walimfuga, wakampanda, wakamwingiza vitani. Na Akbar mwenyewe alisifiwa kwa ujasiri wa kuwapanda ndovu wakali.

Mwanzoni mwa mwaka 1562 Akbar alisafiri kwenda Ajmer kulizuru kaburi la walii. Wakati huo Raja Bharmal alikuwa katika dhiki. Liwali mmoja wa Akbar, jina lake Sharif-ud-din, alikuwa akiisonga nchi ya Amber, na tena alikuwa amechukua rehani baadhi ya jamaa za raja. Bharmal alimwendea Akbar, akajiweka chini ya ulinzi wake, akamtoa binti yake. Ndoa ilifungwa mjini Sambhar, mfalme akiwa safarini. Wale waliochukuliwa rehani wakarudishwa.

Angalieni: ndoa hii haikuanza kwa mapenzi. Ilikuwa mapatano. Raja alipata usalama. Mfalme alipata watu hodari wa vita. Maana Warajput wa Amber hawakuwa wakwe wa jina tu. Bhagwant Das, mwana wa Bharmal, na Man Singh, mjukuu wake, waliingia katika utumishi wa Akbar, na Man Singh akawa mmoja wa majemadari wake wakubwa. Hapo twaona tofauti na habari ya Munyigumba. Akbar hakuchukua mke na kuwaacha jamaa zake nje ya mlango. Aliwapa kazi, heshima na sehemu katika utawala. Mkwe mwenye sehemu katika nyumba hana haja ya kuibomoa.

Tena ni kweli kwamba katika miaka hiyo Akbar alitengeneza sheria njema. Mwaka 1562 alikataza askari wake wasiwafanye watumwa wake na watoto wa watu walioshindwa vitani. Mwaka 1563 alifuta kodi ya mahujaji wa Kihindu. Mwaka 1564 alifuta na jizya, yaani kodi waliyotozwa watu wasio Waislamu kwa ajili ya dini yao. Wake zake wa Kihindu waliachwa washike ibada zao ndani ya jumba lake, na baadhi ya watu wa baraza walichukizwa na jambo hilo.

3. MAMBO YALIYOONGEZWA, NA MAMBO YALIYOACHWA

Mtengenezaji wa picha si mwandishi wa tarehe. Ana saa tatu tu, na watazamaji wake wataka kufurahi na kulia. Kwa hiyo huongeza, na huacha. Hebu tutazame mifano.

Maneno ya mapenzi, shindano la upanga baina ya mke na mume, na chakula kilichoonjwa mbele ya baraza, hayo ni ya mtunga kisa. Hapana aliyeandika siku zile jinsi mume na mke walivyosemezana chumbani. Vile vile jina la Akbar halikutoka sokoni. Lilikuwa jina lake kabla ya kodi kufutwa. Jina lake kamili lilikuwa Jalal-ud-din Muhammad Akbar. Tena picha yamwonyesha kama mume wa mke mmoja, ilhali alikuwa na wake wengi, na mmoja wao, Ruqaiya, binti ya ami yake, aliolewa kabla ya binti wa Amber.

Hayo ni mambo madogo. Lakini liko jambo kubwa lililoachwa nje. Mwezi wa Oktoba mwaka 1567 Akbar aliuzingira mji wa Chittor, ngome ya Warajput wa Mewar, ambao hawakukubali kumtii. Aliuzingira miezi kadhaa, hata mwezi wa Februari mwaka 1568 akauingia. Kisha aliamuru watu wauawe, na miongoni mwao walikuwa wakulima wengi waliokimbilia ngomeni kujificha. Mwandishi wa Akbar mwenyewe, Abul Fazl, aliyeandika ili kumsifu bwana wake, asema waliokufa walikaribia 30,000. Na Bhagwant Das, ndugu ya mke wa mfalme, alikuwa pale pamoja na jeshi. Wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyasi.

Je, picha imesema uongo? La. Kisa chake chakoma kabla ya mwaka huo. Lakini mtu aonaye picha tu, asisome, atadhani kwamba ndoa ile iliyalainisha mambo yote, na kwamba mfalme aliyefuta kodi hakumwaga damu tena. Mtu yule yule aliyefuta kodi ndiye aliyeamuru mauaji ya Chittor. Mwanafunzi mwenye akili huyashika mambo yote mawili kwa mikono miwili. Hatupi moja kwa sababu ya jingine.

Tena hata baada ya hapo Warajput wa Mewar hawakuridhia. Mwaka 1576, huko Haldighati, Rana Pratap wa Mewar alipigana na jeshi la Akbar. Na aliyeliongoza jeshi la Akbar alikuwa Man Singh wa Amber. Basi ndoa ilileta amani baina ya Amber na mfalme. Haikuleta amani kwa Warajput wote.

4. JINA LA MKE

Sasa twafika katika jambo lililo kubwa kupita yote katika somo hili. Jina la mke wa Akbar lilikuwa nani?

Wengi watajibu upesi: Jodhaa. Lakini kitabu cha Abul Fazl, kinachoeleza habari za utawala wa Akbar mwaka kwa mwaka, chamtaja kuwa binti wa raja, wala hakimtaji kwa jina lake. Mwanawe mwenyewe, Jahangir, aliyeandika habari za maisha yake, humwita kwa jina la heshima tu, Maryam-uz-Zamani. Jina la Jodh, wasema wataalamu wengi, lamwelekea mwanamke mwingine: mke wa Jahangir aliyetoka Jodhpur. Majina mengine, kama Harkha, yametajwa katika habari za baadaye. Picha yenyewe huanza kwa kuwaonya watazamaji kwamba jina hili lina mashindano. Hata hivyo, ilipotoka mwaka 2008, watu wa Rajasthan walikasirika kwa ajili ya jina hilo, na majumba ya sinema ya huko yakaogopa kuionyesha.

Tafakarini. Twajua jina la baba yake, la kaka yake, la mwana wa kaka yake, la mumewe, na la mwanawe. Twajua hata majina ya baadhi ya ndovu wa mfalme. Jina alilopewa na mama yake alipozaliwa hatuna kwa hakika.

Wala hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1569 alimzaa Salim, huyo aliyetawala baadaye kwa jina la Jahangir tangu mwaka 1605 hata 1627. Tena alikuwa mfanya biashara. Alikuwa na merikebu kubwa iitwayo Rahimi, iliyokuwa ikichukua mali na mahujaji kwenda Bahari ya Sham. Mwaka 1613 Wareno waliikamata. Hao ni Wareno wale wale waliokuwa wamejenga Ngome ya Yesu huko Mombasa tangu mwaka 1593, wakitaka kila chombo cha Bahari ya Hindi kiwatii. Jahangir alighadhibika kwa ajili ya merikebu ya mama yake, akawafungia Wareno biashara katika nchi yake. Mama huyo alikufa mwaka 1623, akazikwa karibu na kaburi la mumewe huko Sikandra, jirani na mji wa Agra.

Picha imempa maneno, upanga na jina. Yamkini ndiyo sababu watu wengi waliipenda: ilimpa sauti mtu ambaye vitabu vilimnyamazisha. Lakini sauti ile ni ya mtunga kisa, wala si yake. Merikebu, ambayo ilikuwa yake kweli, haimo katika picha.

5. SISI NASI

Msifikiri kwamba kosa hili ni la Bara Hindi peke yake. Rudieni habari tuliyoanza nayo. Tulimtaja Munyigumba, tukamtaja Mkwawa, tukamtaja Mwamubambe. Je, yule binti aliyeozwa, aliyekuwa mtoto wa mmoja, dada wa wa pili na mke wa wa tatu, aliitwa nani? Alikuwa upande gani mumewe alipopigana na kaka yake? Vitabu vingi vya shule humpita kimya. Huenda yuko mzee huko juu ya mlima alijuaye jina lake. Lakini wazee hawakai milele.

Kwa hiyo somo hili lina kazi ya kufanya. Mwandishi wa Akbar hakukosa karatasi wala wino. Alikuwa navyo tele. Hakuona kwamba jina la binti yule lahitajiwa. Sisi tumekwisha ona, basi hatuna udhuru. Leo jioni kila mmoja achukue daftari, amwendee bibi yake au mzee mwanamke wa jirani, amwamkie kwa adabu, amsikilize. Aandike jina la mama yake, la mama wa mama yake, na la mama wa huyo, kadiri atakavyoweza kufika. Aandike na kijiji alikotoka kila mmoja, na kazi aliyoijua sana: kulima mpunga, kufinyanga, kusuka mikeka, kuzalisha, kupiga kasia mtoni. Asiongeze neno alilolibuni ili habari ipendeze. Mahali asipoambiwa kitu, aache nafasi wazi; nafasi iliyo wazi ni ya kweli kuliko jina la kubuni.

Nanyi mtakapoiona tena picha ya wafalme, furahini, maana sinema imefanywa ili ifurahishe. Lakini ikiisha, ulizeni mambo matatu. Nini kiliongezwa? Nini kiliachwa? Na nani hakutajwa jina?

MASWALI

1. Kwa nini Raja Bharmal alikubali kumwoza Akbar binti yake?
2. Akbar aliwafanyia nini jamaa za mkewe baada ya ndoa? Linganisheni na habari ya Munyigumba na Mwamubambe.
3. Tajeni sheria tatu alizozitengeneza Akbar kati ya mwaka 1562 na 1564.
4. Ni mambo gani matatu katika picha ambayo hayakuandikwa na watu wa zamani zile?
5. Ni nini kilichotokea Chittor mwaka 1568? Kwa nini si haki kumsimulia Akbar bila kulitaja jambo hilo?
6. Merikebu ya Rahimi yatufundisha nini juu ya mke wa Akbar?
7. Andikeni insha fupi juu ya mwanamke mmoja wa ukoo wenu aliyeishi zamani. Wekeni jina lake katika mstari wa kwanza.